Mabalozi wema: Majina makubwa yanavyowafaa, au kuwatatiza, wanyonge

KILA mara vita, ukame au mafuriko yanapowaacha watu bila makao, hakukawii kutokea mtu mashuhuri akiandamana na maafisa wa shirika la kutoa misaada. Mwimbaji, mwigizaji au mwanariadha huyo huketi na akina mama kambini, huwapakata watoto, kisha huwahutubia wanahabari kabla ya ndege yake kuondoka. Mtu huyo huitwa balozi mwema.

Wasomaji wengi wamezizoea picha za ziara hizo. Ni wachache wanaofahamu kazi hiyo ilivyoanza, anayewateua mabalozi hao, ujira wanaopata na, zaidi ya yote, iwapo ziara zao humfaa kwa lolote yule mnyonge anayepigwa picha.

Swali hilo lina uzito wa pekee humu nchini. Kambi za Dadaab na Kakuma, zilizoanzishwa mwaka 1991 na 1992, zimepokea wageni wengi wa aina hiyo. Isitoshe, Kenya imetoa mabalozi wema wake yenyewe, baadhi yao wakiwa watu waliowahi kula chakula cha msaada au kuishi katika kambi hizo hizo.

Katika lugha ya Kiswahili, neno balozi lina sura mbili. Kuna balozi anayeiwakilisha nchi yake ugenini, na katika nchi jirani ya Tanzania kuna balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa mtaani anayewajua majirani zake mlango kwa mlango. Balozi mwema hatumwi na serikali yoyote wala hana ofisi yenye bendera. Kwa hakika kazi yake inamkaribia zaidi yule wa nyumba kumi: kujua nani amelala njaa, na kulifikisha jambo hilo kwa wenye uwezo.

Chimbuko lake

Historia ya mabalozi wema huanza na UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto. Shirika hilo liliundwa Desemba 1946 ili kuwalisha watoto wa Ulaya walioathiriwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mwaka 1949, ndege iliyokuwa ikitoka London kuelekea New York ilipata hitilafu ya injini ikiwa juu ya bahari ya Atlantiki, ikalazimika kugeuza na kutua Ireland. Miongoni mwa abiria walikuwamo Danny Kaye, mchekeshaji na mwigizaji maarufu wa Marekani, na Maurice Pate, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNICEF. Mazungumzo ya wawili hao yalizaa urafiki, na urafiki huo ukazaa wazo.

Mnamo 1954 Kaye aliteuliwa kuwa balozi wa kwanza wa shirika hilo. Alizuru nchi za Asia akiandamana na wapiga picha, akawachekesha watoto waliokuwa wakitibiwa maradhi, na filamu iliyotokana na safari hiyo ikaonyeshwa katika nchi nyingi. Watu ambao hawangesoma ripoti yoyote ya Umoja wa Mataifa waliitazama filamu hiyo kwa sababu walimpenda Kaye. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1987.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mambo yote yaliyofuata. Shirika lina habari nzito lakini halina wasikilizaji, ilhali mtu mashuhuri ana wasikilizaji wengi. Balozi mwema ndiye daraja kati ya pande hizo mbili.

Baada ya Kaye walifuata wengine. Mwigizaji Audrey Hepburn, aliyeteuliwa na UNICEF mwaka 1988, alikuwa ameionja njaa akiwa msichana nchini Uholanzi wakati wa majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Safari yake ya kwanza ilimpeleka Ethiopia. Septemba 1992 alifika Somalia, nchi hiyo ikiwa katikati ya vita na njaa, na akarejea kuusimulia ulimwengu aliyoyaona. Alifariki Januari 1993, miezi michache tu baada ya safari hiyo.

Naye mwimbaji Harry Belafonte, aliyeteuliwa mwaka 1987, alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Kenya. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa Wamarekani waliochangisha fedha ili kufanikisha mpango wa Tom Mboya wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda kusoma Marekani. Mwaka 2004 alirejea humu nchini kwa niaba ya UNICEF kuunga mkono elimu ya msingi bila malipo, iliyokuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Belafonte, aliyefariki Aprili 2023, hakuwa mgeni aliyeletewa hotuba ya kusoma. Alikuwa amelishughulikia suala la elimu ya Waafrika kwa zaidi ya miaka 40.

Cheo kisicho na mshahara

Umoja wa Mataifa una ngazi mbili kuu za watu hawa. Ya kwanza ni ya Wajumbe wa Amani, ambao huteuliwa na Katibu Mkuu mwenyewe. Cheo hicho kilianzishwa mwaka 1997 wakati wa Kofi Annan. Jane Goodall, aliyewachunguza sokwe wa Gombe nchini Tanzania kwa miongo mingi, alikipata mwaka 2002 na kukitumikia hadi alipofariki Oktoba 2025. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikipata mwaka 2009, akikabidhiwa masuala ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi.

Ngazi ya pili ni ya mabalozi wema, ambao huteuliwa na mashirika yaliyo chini ya Umoja wa Mataifa. Baadhi huhudumu duniani kote, wengine katika eneo fulani, na wengine ndani ya nchi moja tu. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo yameiga mtindo huo na kuwa na mabalozi wao.

Kinyume cha wanavyodhani wengi, kazi hii haina mshahara. Shirika laweza kugharimia usafiri na malazi ya balozi, lakini halimlipi kwa kulitumia jina lake. Uteuzi huwa wa muda maalumu, ambao waweza kuongezwa, na shirika lina haki ya kuufuta iwapo mwenendo wa balozi utakwenda kinyume cha madhumuni yake.

Madhumuni hayo hujengwa juu ya nguzo nne zinazoongoza shughuli za kibinadamu duniani. Ya kwanza ni utu, yaani kumpunguzia mateso kila mwanadamu popote alipo. Ya pili ni kutobagua, yaani msaada kutolewa kwa kadiri ya shida wala si kwa kabila, dini au chama. Ya tatu ni kutoegemea upande wowote katika ugomvi. Ya nne ni uhuru wa mashirika dhidi ya shinikizo la wanasiasa, wanajeshi na wafanyabiashara.

Mizizi ya fikra hizo ni kuundwa kwa vuguvugu la Msalaba Mwekundu mwaka 1863, baada ya Henry Dunant wa Uswisi kuwashuhudia majeruhi walioachwa bila matibabu katika uwanja wa vita wa Solferino. Balozi mwema hutarajiwa kuzitetea nguzo hizo. Ni rahisi kuzitaja katika hotuba. Kuzitimiza ndiko kugumu, kama itakavyoonekana.

Chakula cha mchana cha Baringo

Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndiyo sababu uteuzi wa Paul Tergat ulikuwa na maana kubwa kuliko medali zake.

Septemba 2003 Tergat alivunja rekodi ya dunia ya mbio za marathoni mjini Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Januari 2004, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilimteua kuwa balozi wake wa kupambana na njaa.

Shirika hilo lingeweza kumchagua mwanariadha yeyote. Lakini Tergat alikuwa na habari ambayo wengine hawakuwa nayo. Akiwa na umri wa miaka 8, shule aliyosoma katika wilaya ya Baringo ilianza kupokea chakula cha WFP. Ameeleza mara nyingi kwamba watoto wa kwao walitembea kilomita nyingi kwenda shuleni bila kutia kitu tumboni, na kwamba sahani ile ya mchana ndiyo iliyowafanya waendelee na masomo.

Kwa mfadhili aliyeketi Roma au Washington, chakula cha shuleni ni tarakimu katika bajeti. Tergat aliposimama mbele yake, tarakimu hiyo ilipata uso na miguu. Hakuhitaji kumwomba mfadhili amhurumie mtoto. Alimwonyesha mtoto huyo anavyoweza kuwa akipata lishe.

Ni muhimu pia kuangalia yaliyofuata. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake wa chakula shuleni unaotegemea mazao ya wakulima wa humu nchini. WFP ilizidi kuikabidhi serikali shule moja baada ya nyingine, na mwaka 2018 makabidhiano hayo yakakamilika. Zaidi ya watoto milioni 1 wakawa chini ya mpango wa taifa.

Si haki kudai kwamba mwanariadha mmoja ndiye aliyeyaleta hayo yote. Maafisa wa elimu, wakulima, walimu na walipa kodi wana sehemu yao. Hata hivyo, balozi alisaidia kuliweka suala hilo hadharani kwa miaka mingi, hadi likaacha kuwa msaada na kuwa wajibu wa serikali. Hiyo ndiyo kazi ya balozi mwema inapofikia kilele chake.

Mbio za amani

Tegla Loroupe alipita njia nyingine. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, na baadaye akavunja rekodi ya dunia mara mbili, Rotterdam mwaka 1998 na Berlin mwaka 1999. Umaarufu huo aliurejesha nyumbani Pokot Magharibi, eneo ambalo wizi wa mifugo ulikuwa umeangamiza watu wengi.

Mwaka 2003 alianzisha wakfu wa amani unaobeba jina lake, na kuandaa mbio zilizowakutanisha Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na jamii nyingine za kaskazini. Morani waliozoea kuonana kupitia mtutu wa bunduki walijikuta wakipokezana maji njiani. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulimtambua kuwa balozi wa michezo.

Kazi yake ilifika mbali zaidi kupitia Kakuma. Wakfu wake ulishiriki kuwasaka wakimbizi wenye kipaji cha riadha kambini humo, na waliochaguliwa wakapelekwa kufanya mazoezi Ngong. Timu ya kwanza ya wakimbizi iliposhiriki Michezo ya Olimpiki jijini Rio de Janeiro mwaka 2016, watano kati ya wanamichezo wake 10 walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka huko, na Loroupe ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Bendera ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia Kakuma.

Mmoja wa wakimbiaji hao, Yiech Pur Biel, aliingia Kakuma mwaka 2005 akiwa mtoto. Alikuja kuwa balozi mwema wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, na mwaka 2022 akachaguliwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kadhalika mwigizaji Ger Duany, aliyewahi kuwa mtoto askari Sudan kabla ya kufika Marekani kama mkimbizi mwaka 1994, aliteuliwa na UNHCR mwaka 2015 kuhudumu katika eneo la Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika.

Hapo pana mabadiliko makubwa. Hapo awali mtu mashuhuri alimsemea mkimbizi. Sasa mkimbizi amekuwa mtu mashuhuri na anajisemea.

Watoto wanapoimbia wageni

Hata hivyo, si kila ziara huacha baraka. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walinena. Kambini yawezekana mwenyeji akafanyishwa kazi ya kumpendeza mgeni, kisha asipone.

Ushuhuda wa kusikitisha kuhusu jambo hilo ulitoka kwa Halima Aden, mwanamitindo aliyezaliwa Kakuma na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 2018 alikuwa balozi wa UNICEF. Miaka michache baadaye aliuacha ubalozi huo, na pia akaacha kazi ya uanamitindo mwaka 2020.

Katika mahojiano ya mwaka 2021 alikumbuka kwamba, alipokuwa mtoto, watoto wa kambi walitakiwa kuimba na kucheza mbele ya wageni. Aliporejea akiwa balozi aliwauliza watoto iwapo jambo hilo bado linaendelea. Wakamjibu kwamba linaendelea, na kwamba safari hiyo walikuwa wakimwimbia yeye.

Ushuhuda huo unagusa kiini cha suala zima. Nguzo ya kwanza ya misaada ni utu. Iwapo mtoto hana budi kuimba ndipo mgeni apate picha, na picha ndipo mfadhili atoe fedha, basi shibe yake imenunuliwa kwa heshima yake. Huenda fedha hizo zikamfaa, lakini amekwisha kufunzwa kwamba shida yake ni maonyesho.

Uteuzi uliozua zogo

Mashirika yenyewe yamewahi kuteleza katika kuchagua. Oktoba 18, 2017, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza jijini Montevideo, Uruguay, kwamba rais wa wakati huo wa Zimbabwe, Robert Mugabe, atakuwa balozi mwema wa vita dhidi ya maradhi yasiyoambukizwa barani Afrika.

Malalamiko yalizagaa mara moja. Hospitali za Zimbabwe zilikuwa katika hali mbaya, na rais huyo alijulikana kwa kwenda ng'ambo kutafuta matibabu. Siku nne baadaye, Oktoba 22, uteuzi huo ulifutwa.

Mwaka mmoja kabla, Umoja wa Mataifa ulikuwa umemteua Wonder Woman, mhusika wa kubuni katika vitabu vya katuni, kuwa balozi wa heshima wa kuwatetea wanawake na wasichana. Wafanyakazi wa Umoja huo walipinga wakihoji kama hakukuwa na mwanamke aliye hai anayestahili. Ubalozi huo haukudumu hata miezi miwili.

Kuna pia utata wa siasa na biashara. Januari 2014 mwigizaji Scarlett Johansson aliacha kuwa balozi wa shirika la Oxfam kwa sababu alikuwa akitangaza bidhaa za kampuni iliyokuwa na kiwanda katika makazi ya walowezi wa Kiyahudi kwenye Ukingo wa Magharibi. Mwaka 2019 waziri mmoja wa Pakistan aliitaka UNICEF imwondoe mwigizaji wa India, Priyanka Chopra, kwa kuonekana kuliunga mkono jeshi la nchi yake. Umoja wa Mataifa ulijibu kwamba balozi ana haki ya kutoa maoni yake binafsi, mradi anapozungumza kwa niaba ya shirika asiegemee upande wowote.

Visa hivyo vinafunza jambo moja. Mali ya balozi mwema ni imani ya watu, na imani hiyo huhamia kwa shirika analolitumikia. Ikivunjika, hasara haiishii kwake. Humfikia mgonjwa au mkimbizi ambaye hakuulizwa wakati wa uteuzi.

Kipimo cha haki

Je, balozi mwema apimwe kwa kitu gani? Idadi ya picha magazetini haitoshi, wala idadi ya kambi alizozuru.

Kipimo cha kwanza ni muda. Angelina Jolie alianza kuzuru kambi za wakimbizi, zikiwamo za Tanzania, mapema mwaka 2001 kabla ya kuteuliwa na UNHCR mwezi Agosti mwaka huo. Aliendelea hadi Desemba 2022, ambapo alijiondoa. Katika miaka hiyo zaidi ya 20 watu waliweza kukubaliana naye au kutokubaliana naye, lakini hawangesema alipita njia tu.

Kipimo cha pili ni ujuzi wa jambo lenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelala njaa, au aliyejifunza kwa bidii kutoka kwa waliolala njaa, husikika tofauti na anayesoma karatasi aliyoandikiwa.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho kikuu, ni kile kinachosalia mgeni akishaondoka. Baringo kilisalia chakula shuleni, ambacho baadaye serikali ilikichukua. Ngong ilisalia kambi ya mazoezi na vijana waliokuja kuwa viongozi. Pasipo kitu cha namna hiyo, ziara hubaki kuwa kumbukumbu ya mgeni peke yake.

Ni vyema pia kutambua mipaka ya cheo hiki. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 120 duniani walikuwa wamelazimika kuhama makwao. Mwaka 2025, baada ya wafadhili kupunguza fedha zao, mgao wa chakula cha wakimbizi humu nchini ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Majina makubwa yaliyoitembelea Kakuma kwa miongo mitatu hayakuweza kuyazuia hayo, kwa maana bajeti hupitishwa na serikali na mabunge, si na waimbaji.

Lakini serikali na mabunge husikiliza wapiga kura, nao wapiga kura husikiliza wale wanaowaamini. Ndipo balozi mwema anapopata nafasi yake. Hawezi kulijaza bakuli la mkimbizi kwa mkono wake. Anaweza kuhakikisha kwamba bakuli hilo linapokuwa tupu, wenye uwezo wa kulijaza hawapati kisingizio cha kusema hawakujua.